MAARIFA YA KAZI: Rubani Anayeruka Bila Kuona Nje

Mtu akisimama katika shamba la minazi karibu na Malindi, au akingoja gari katika barabara kuu iendayo Mombasa, huweza kuona ndege ndogo yenye injini moja ikizunguka karibu na mji, ikishuka mpaka magurudumu yaguse uwanja, kisha ikapanda tena mara ile ile. Ndege hiyo haikupotea wala haina hitilafu. Ndani yake wamo mwalimu na mwanafunzi, na kazi yao ni kurudia jambo lile lile mpaka mkono wa mwanafunzi uzoee.

Mafunzo hayo ya kupanda na kushuka huonekana na kila mtu. Liko fundisho jingine lisiloonekana na mtu aliye chini, nalo ni gumu zaidi. Ni kurusha ndege kwa kufuata vipimo peke yake, macho ya mwanafunzi yakiwa yamezuiwa yasione nje. Watu wengi hudhani kwamba ugumu wake ni kuvisoma vipimo hivyo. Sivyo. Karani aliyezoea hesabu angeweza kujifunza kuvisoma kwa muda mfupi. Ugumu ni kuviamini wakati mwili mzima unaposhuhudia kwamba vinasema uwongo.

Wala jambo hili si la marubani peke yao. Tarehe 10 Januari 2025 ndege ya mafunzo ilianguka Kwachocha, kando ya barabara kuu ya Malindi, na watu waliokuwa njiani, wasiokuwa na habari yoyote ya urubani, wakapoteza maisha yao. Ajali hiyo ilitokea mchana, wala haitajwi hapa kwa sababu ya mawingu. Yatajwa kwa kuwa yaonyesha wazi kwamba ufundi wa rubani ni amana ya watu wengi asiowajua. Kwa hiyo yafaa kila mtu afahamu kidogo namna ufundi huo unavyopatikana.

SIKIO HUDANGANYA

Ndani ya kila sikio, katika mfupa, mna mifereji mitatu midogo iliyopinda kama pete na kujaa majimaji. Kichwa kikigeuka, mfereji hugeuka pamoja nacho, lakini majimaji hukawia nyuma kidogo. Kukawia huko hulaza vinyweleo vidogo sana, navyo hupeleka habari katika ubongo. Kwa mtu atembeaye kwa miguu, au apandaye mnazi, mifereji hiyo yatosha kabisa, kwa sababu mizunguko yake ni mifupi, na macho na nyayo humsahihisha kila mara.

Katika wingu mambo hugeuka. Ndege ikianza kupinda polepole, majimaji husogea kidogo mno hata mtu asijue. Ikiendelea kupinda kwa mwendo ule ule kwa muda wa sekunde 10 au 20, majimaji huufikia mwendo wa mfereji, na habari hukatika. Rubani huhisi ameketi sawasawa, na huku bawa moja limeelekea chini. Akiinyosha ndege, majimaji huendelea kwenda kwa nguvu yaliyokuwa nayo, na mwili humwambia kwamba sasa anapinda upande wa pili. Basi huirudisha ndege kule kule kwenye hatari, akidhani anajiokoa.

Watoto wanaujua udanganyifu huu katika mchezo wa kuzunguka. Wakisimama ghafula huiona minazi yote ikizunguka, nao huanguka mchangani wakicheka. Rubani hana mchanga wa kuangukia. Ndege iliyolala upande hupoteza kimo. Rubani akiona kimo chapungua huvuta usukani ili apande, lakini kwa kuwa mabawa hayako sawa, kuvuta huko hukaza tu mzunguko, na mwendo kuzidi, na kimo kupungua zaidi. Marubani wengi wamekufa hivyo, ndege zao zikiwa hazina kasoro yoyote.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilitoa matokeo ya majaribio yaliyofanywa juu ya jambo hili. Wanafunzi 20 ambao hawakuwa wamefundishwa kutumia vipimo walirushwa wakiwa wamezuiwa kuona nje, mwalimu akiwa karibu tayari kuokoa. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Aliyewahi kushindwa alishindwa katika sekunde 20, na aliyekawia kuliko wote alifika sekunde 480. Wastani wao ulikuwa sekunde 178, yaani pungufu ya dakika tatu. Hawakuwa wajinga wala waoga. Walikuwa watu wenye masikio kama ya watu wengine wote.

MAHALI PA HATARI PWANI

Mgeni aweza kudhani kwamba pwani ya Kilifi na Malindi, penye jua jingi na nchi tambarare, hapana haja ya elimu hiyo. Walakini masika, tangu Aprili mpaka Juni, pepo za kusi huleta mvua kutoka baharini, na mvua hiyo yaweza kuufunika uwanja ambao nusu saa tu iliyopita ulikuwa mweupe. Tena ziko siku za joto ambapo ukungu mwembamba huunganisha maji na mbingu, hata mstari wa upeo wa macho ukapotea mchana kweupe.

Usiku ni zaidi. Ndege iondokayo kuelekea baharini huziacha taa za mji nyuma yake. Mbele hapana taa, hapana barabara, hapana kilima. Bahari na mbingu ni weusi mmoja. Huenda zikaonekana taa za karabai za wavuvi, na rubani asiyekuwa na uzoefu akazidhania nyota. Akizifanya nyota, ameufanya upande wa chini kuwa juu.

VIPIMO SITA

Mbele ya rubani, katika ndege ndogo za kawaida, mna vipimo sita vikubwa. Cha kwanza huonyesha mwendo katika hewa. Cha pili ni upeo wa bandia, chenye mstari mmoja badala ya ule wa nje, na mfano mdogo wa mabawa juu yake. Cha tatu huonyesha kimo. Cha nne huonyesha kupinda, cha tano ni dira, na cha sita huonyesha kama ndege yapanda au yashuka, na kwa haraka gani. Katika ndege nyingi za siku hizi vyote sita huchorwa katika kioo kimoja kama cha televisheni, lakini habari zitolewazo ni zile zile.

Vitatu kati ya hivyo hufanya kazi kwa mkandamizo wa hewa. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda. Karibu na usawa wa bahari, kila futi 30 hivi hupunguza kipimo cha milibari moja. Ndiyo sababu rubani huambiwa kwa redio mkandamizo wa hewa wa mahali aendapo, naye akarekebisha kipimo chake. Akikosea milibari 10, atakosea futi 300, ambazo ni zaidi ya minazi mitatu mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Kipimo cha mwendo nacho hupokea upepo kwa njia ya bomba dogo lililo nje. Nyigu hupenda kujenga kiota cha udongo katika tundu kama hilo, kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kulifunika ndege ilalapo na kulichungulia kabla ya kuondoka. Nyigu mmoja aweza kumnyima rubani habari ya mwendo wake.

Vitatu vingine asili yake ni kitu ambacho kila mtoto amekichezea, yaani pia. Pia ikizunguka kwa kasi husimama wima, na ukiisukuma hukataa kulala. Fundi akiifunga pia ya chuma katika pete zinazoweza kugeuka kila upande, ndege yaweza kulala na kuinuka, lakini pia hubaki vile vile ilivyokuwa. Tofauti iliyopo kati ya pia na ndege ndiyo ionyeshwayo kwa rubani. Ufundi wa namna hiyo si mgeni katika pwani hii. Roketi zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco, katika ghuba ya Ngomeni, kuanzia mwaka 1967 mpaka 1988, zilishika njia yake kwa msaada wa pia kama hizo, bila mtu ndani.

Je, kipimo hakiharibiki? Huharibika. Kwa hiyo rubani hafundishwi kukitumikia kimoja peke yake. Macho yake hutoka katika upeo wa bandia, yakaenda kwenye kimo, yakarudi katikati, yakaenda kwenye dira, yakarudi tena, bila kutulia mahali pamoja. Karani wa chama cha ushirika hufanya vivyo hivyo anapolinganisha stakabadhi na daftari, na daftari na fedha iliyomo sandukuni. Kimoja kikitofautiana na vingine, hatupi vitabu vyote nje. Hutafuta ni kipi kilichokosa. Na mkulima wa korosho, hata mkono wake uwe mzoefu namna gani, hauzi gunia kwa kulipima mkononi. Hutaka mizani, na hutaka kuiona mizani yenyewe ikisimama sawa kabla gunia halijawekwa.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Kwanza mwanafunzi huketishwa katika chombo cha mfano kisichoondoka ardhini. Chombo cha kwanza kilichopata sifa katika kazi hiyo kilitengenezwa na Mmarekani Edwin Link mwaka 1929. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, naye akachukua mivukuto ya vinanda hivyo, akaifanya itikise sanduku lenye kiti, usukani na vipimo. Watu walikiona kama kitu cha kuchezea. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa katika hali mbaya ya hewa. Hapo ndipo jeshi lilipokinunua chombo hicho, na katika Vita Kuu ya Pili kikatumika kuwafundisha wanahewa zaidi ya 500,000.

Kisha hufuata ndege yenyewe. Mwanafunzi huvikwa kofia yenye ukingo mrefu, au miwani iliyozibwa sehemu ya juu, ili aone vipimo na asione kitu kingine. Mwalimu huketi kando yake, macho yake yakiwa nje muda wote, kwa maana angani mna ndege za watu wengine. Mwanafunzi huamriwa kwenda moja kwa moja, kupinda, kupanda na kushuka kwa kufuata vipimo. Mwalimu mwema hasemi mengi. Akiona mwanafunzi ameanza kuinamisha shingo upande mmoja, ajua mwili umekwisha kumdanganya, naye humwambia tu, “Tazama upeo wako.”

Liko zoezi moja ambalo wanafunzi hawalisahau. Mwalimu husema, “Fumba macho, uinamishe kichwa.” Kisha huigeuza ndege huku na huku, akaipandisha, akaishusha, mpaka mwanafunzi asijue lililo juu wala lililo chini. Ndipo huambiwa, “Fumbua macho. Ishike.” Mwanafunzi lazima asome kabla ya kutenda. Ikiwa pua ya ndege imeelekea chini na mwendo unazidi, hupunguza nguvu ya injini, husawazisha mabawa, na baada ya hayo tu ndipo huvuta usukani kwa taratibu. Ikiwa pua imeelekea juu na mwendo unapungua, huongeza nguvu na kuishusha pua. Akivuta kwanza na kusoma baadaye, katika wingu la kweli asingepata nafasi ya pili.

Akiisha kuzoea, mwalimu hukifunika upeo wa bandia kwa kipande cha karatasi, kana kwamba umekufa, na mwanafunzi hulazimika kuendelea kwa vile vilivyobaki. Kanuni za kimataifa zimetaka saa 40 za kuruka kwa vipimo kabla mtu hajapewa idhini ya kuingia mawinguni, na sehemu ya saa hizo yaweza kufanywa katika chombo cha mfano. Mafunzo ya namna hii ndiyo yaliyotolewa pia katika shule ya urubani ya Soroti, Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi zote tatu za Afrika Mashariki.

Wa kwanza kuonyesha kwamba safari nzima yawezekana kwa njia hiyo alikuwa James Doolittle. Tarehe 24 Septemba 1929, huko New York, alifunikwa kabisa katika kiti chake, akaondoka, akazunguka, akatua, kwa muda wa dakika 15. Rubani mwingine, Benjamin Kelsey, aliketi katika kiti cha pili tayari kuokoa, lakini hakuhitajiwa. Miaka saba baadaye, Septemba 1936, Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na kujifunza urubani papa hapa Kenya, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, kwa zaidi ya saa 20, sehemu kubwa ikiwa ni giza na dhoruba. Hakuwa na mwalimu kando yake wala ardhi ya kutazama.

MWALIMU WA MALINDI

Kwa watu wa Malindi elimu hii si ngeni kama idhaniwavyo. Neno rubani lilikuwa la baharini kabla halijawa la angani. Mwezi Aprili 1498 mfalme wa Malindi alimpa Vasco da Gama rubani wa kumwongoza mpaka Bara Hindi. Waandishi wengine walimdhania kuwa ni Ahmad ibn Majid, lakini wanahistoria wa baadaye hawakubali. Wareno walimwita malemo, neno litokanalo na muallim la Kiarabu, ambalo kwa mabaharia lilikuwa na maana ya mtu aongozaye chombo kwa elimu, na ndilo lililozaa neno mwalimu. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, na tarehe 18 Mei wakaiona nchi ya Bara Hindi.

Katika siku hizo hapakuwa na ufuko wa kutazama. Mabaharia wa bahari hii walikuwa na dira, na walikuwa na kamali, nayo ni kibao cha pembe nne chenye uzi wa mafundo katikati. Baharia alishika fundo kwa meno, akanyosha uzi, akauweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari na ukingo wa juu kwenye nyota ya kaskazini. Ikiwa kibao kililingana sawasawa katika fundo la bandari fulani, alijua amefika usawa wa bandari hiyo. Malindi iko kusini ya ikweta, na nyota ile haionekani hapo. Kwa hiyo alianza safari kwa kuamini kwamba itaonekana mahali ilipopaswa kuonekana. Abiria walichoka na kuona kwamba nchi kavu haiko. Rubani alishika fundo lake.

DAKIKA MOJA YA KURUDI

Hata hivyo, vipimo havimwambii rubani kila kitu. Tarehe 18 Mei 1955 ndege ya East African Airways aina ya DC-3, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga mlima Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Ndege yaweza kuwa sawa kabisa kwa vipimo vyake vyote na huku yaelekea mlimani. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa Pwani, aliyezoea nchi tambarare, hufundishwa kuandika kabla ya safari kimo asichoruhusiwa kushuka chini yake, hasa aelekeapo bara kupita upande wa Taita.

Methali husema kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Katika wingu methali hiyo haina kazi, kwa maana apoteaye hapati siku ya kusimulia. Kwa hiyo fundisho la kwanza ambalo wale wa Illinois waliwapa wanafunzi wao lilikuwa fupi: ukiingia katika wingu bila kukusudia, usiendelee, pinda taratibu kwa vipimo, urudi ulikotoka. Kwa mwendo wa kawaida wa kupinda, nyuzi tatu kila sekunde, kugeuka nyuma kabisa huchukua dakika moja. Walipokwisha kufundishwa hivyo, karibu kila mara waliweza. Mtu asiyefundishwa ana dakika tatu pungufu kidogo. Aliyefundishwa ahitaji moja tu.

Na liko jambo moja ambalo kila msafiri aweza kulifanya bila kwenda shule ya urubani. Akiambiwa uwanjani Malindi kwamba ndege ya Lamu au ya Nairobi itakawia kwa sababu ya mvua, au rubani akirudi baada ya kuondoka, asimnung'unikie wala asimhimize. Haraka ya abiria nayo humvuta rubani, kama sikio linavyomvuta, nayo haina kipimo cha kuisahihisha. Rubani aliyerudi amesoma vipimo vyake, akavitii.